Herufi Moja Niliyoiacha Ipite

Kama umekuja kujifunza Kilatini ukidhani kitakufanya mtakatifu, rudisha kiti mahali pake uende nyumbani. Mimi nimeishi na Kilatini cha wamonaki miaka mingi kuliko niliyoishi na mke wangu. Kilinipa mkate, miwani mizito na wivu. Utakatifu sijauona.

Mnapenda kuniuliza kuhusu kazi, ninyi mnaoanza. Mnataka kujua lupe gani ya kukuzia herufi ni nzuri, kamusi ipi iaminiwe, tarakilishi inasomaje hati ya kale. Nitawaambia hayo. Lakini la wivu lazima niwaambie pia, maana katika vitabu nilivyotafsiri limeandikwa pamoja na ulafi, ulevi na hasira, na mimi nililisoma mara mia bila kufikiri kwamba linanihusu.

Niwaeleze kwanza vitabu vyenyewe. Zamani sana wamonaki wa kisiwa cha Irlandi walijiandikia vijitabu vya Kilatini vya kumsaidia padri anayesikiliza maungamo. Kila kosa lilikuwa na kitubio chake. Mlevi afunge siku kadhaa, mchoyo agawe, msengenyaji anyamaze. Waliamini kwamba kila ugonjwa wa roho unaponywa kwa kinyume chake. Walikuwa pia na mikusanyo ya sheria za Kanisa: nani anafaa kuwa askofu, mtu aliyekimbilia kanisani atendewe nini, urithi wa marehemu uende wapi. Abbé Sylvère, padri aliyefundisha historia ya sheria ya Kanisa hapa Lubumbashi, alitaka wanafunzi wake waisome kazi hiyo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Wenzake walimuuliza mambo ya Irlandi yanawahusu nini watoto wa mitaa yetu ya Kenya na Naviundu. Naye akawajibu:

"Banafunzi banawaza sheria ya Kanisa ilishuka mbinguni imeshapigwa chapa. Acha baone siku zenye ilikuwa ingali inatafuta njia."

Mimi alinichukua kwa sababu nilikuwa nimepita seminari ndogo. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, ametoka kaskazini ya Katanga, na alitaka padri nyumbani. Mimi nilitaka kuoa. Kwa hiyo padri hakupata, lakini Kilatini kilibaki.

Siku zangu za kwanza Abbé alinipa fotokopi ya ukurasa mmoja na lupe yenye mpini wa mti. Nikainama. Nikaona neno "mkate", kisha namba saba, kisha neno "maji". Nikaandika kwa fahari: afunge kwa mkate na vikombe saba vya maji. Nilipoendelea nikakuta saba nyingine, tena nyingine. Askofu saba padri. Mchana saba usiku. Mwanaume saba mke wake! Hiyo ya mwisho ilinitoa jasho, lakini nikaitafutia maelezo nikaipitisha.

Abbé alisoma karatasi yangu akiwa amesimama. "Anaclet," akasema, "bale bamonaki balikuwa banapenda saba sana, eh?"

"Ndiyo, Abbé. Nawaza ni juu ya sakramenti."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akavuta kalamu akanionyesha. Ile haikuwa saba. Ilikuwa alama ya mkato, inayofanana na saba yetu, na maana yake ni "na" tu. Mkate na maji. Askofu na padri. Wamonaki waliandika namba kwa herufi za Kirumi, na mimi nilipaswa kulijua hilo kabla ya kumwoza mtu wanawake saba.

Siku hiyo nilinunua daftari. Kila alama niliyojifunza niliichora humo: p iliyokatwa mkia ni *per*, p yenye kistari kichwani ni *prae*, h yenye kindoano ni *autem*. Miaka ikapita, daftari likanenepa. Nilichora pia mambo ambayo kamusi haisemi. Kwa mfano hili, lishikeni: katika maandishi ya wamonaki herufi n na herufi u zote ni vijiti viwili vilivyosimama. N imeungwa juu, u imeungwa chini. Wino ukififia, muungo unapotea na vijiti vinabaki. Hapo usikimbilie kubashiri. Fuata kijiti kimoja kimoja kwa ncha ya penseli, bila kugusa karatasi, kama mtu anayehesabu mbavu za mgonjwa.

Basi, nilikuwa mfalme wa chumba kile. Meza mbili, kabati la vitabu, dirisha linalotazama mjakaranda, na mimi. Ndipo akaja Ngalula.

Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai, yeye alikulia mtaa wa Kenya, karibu na soko. Mama yake alikuwa akienda Mokambo, mpakani, kuchukua vitenge vya pagne na kuvirudisha kuuza. Ngalula alisoma latin-philo sekondari, kisha chuo kikuu, na akaingia kwetu akiwa na umri wa binti yangu wa pili. Nilitegemea mtoto wa kuelekezwa. Abbé akampa ukurasa, ule ule wa saba zangu. Aliuangalia kwenye tarakilishi, akaukuza kwa vidole viwili, akasoma kwa sauti toka juu mpaka chini kama barua iliyotoka kwao.

"Mwalimu wako alikuwa nani?" nikamuuliza.

"Sister mumoja tu, Papa Anaclet. Ile ingine nilijifunzia mwenyewe."

Mwenyewe! Mimi nilitumia miaka mitatu kufika pale.

Wivu wa kazi hauanzi na jambo kubwa. Wa kwangu ulianza na bukari, ugali wetu. Tulikuwa tunawasomea wanafunzi tafsiri ya kitubio kimoja, mkate na maji kwa siku arobaini, mmoja akanyoosha mkono. "Abbé, mkate na maji? Mais hiyo njo petit déjeuner yangu!" Darasa zima likaanguka kicheko. Tatizo lilikuwa la kweli. Kwa mmonaki mkate mkavu ulikuwa adhabu, kwetu mkate ni kitu cha asubuhi nzuri. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo marefu ya chini ya ukurasa. Ngalula, aliyekuwa ameketi nyuma, akasema tu:

"Wazeni bukari ya jana, ya baridi, bila mboga. Siku makumi ine."

Mmoja akasema, "Oh, Mungu wangu." Walielewa. Abbé akamtazama Ngalula kwa namna aliyonitazama mimi zamani, nami nikayakunja maelezo yangu marefu nikayatia mfukoni.

Toka siku hiyo nikawa mhasibu wa mambo ya kipumbavu. Nilijua Abbé amemwita mara ngapi asubuhi. Nilijua chai kammiminia nani kwanza. Nilikuwa naleta shauri langu, naye anasikiliza vizuri, halafu anageuka: "Ngalula anasema nini?" Hayo maneno matatu niliyachukia kuliko tusi. Nyumbani mke wangu akaniambia, "Siku hizi unamutaja huyu mutoto kuliko unataja batoto bako." Nikamjibu kwamba ni kazi. Akatikisa kichwa, akaendelea kusafisha majani ya sombe.

Siku moja Ngalula alikuja mezani kwangu. "Papa Anaclet, banasema uko na daftari ya alama. Naweza kuiangalia kidogo?"

"Ilipotea," nikasema.

Ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika wakati nikisema hivyo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Abbé alikuwa amezeeka, na alitangaza kwamba kitabu cha tafsiri zetu kitasomwa mbele ya wageni: mapadri, masista, walimu wa chuo. Siku hiyo hiyo angemtaja atakayeshika chumba baada yake. Utaratibu wetu ulikuwa huu: mmoja anatafsiri, mwingine anarudia kusoma akilinganisha na picha ya hati, kisha anatia sahihi chini, "Nimesoma." Karatasi bila sahihi mbili haitoki chumbani.

Katika juma la mwisho mama yake Ngalula aliugua tumbo akalazwa. Ngalula alikuwa anatafsiria hospitalini, karatasi magotini, na asubuhi ananiletea. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimuuliza habari za mama, nikajibiwa kwamba wanangoja kumpasua. Nilimpa pole. Ilikuwa pole ya kweli, nataka muiamini, japo baada ya nitakayosema hamtakuwa na sababu.

Katika karatasi zake kulikuwa na kanuni moja kuhusu wagonjwa. Wamonaki wale wanajulikana kwa ukali, lakini kwa mgonjwa walilegeza: afungwaye na ugonjwa aweza kupokea chakula au kinywaji saa yoyote. Ngalula alikuwa ameandika: chakula *bila* kinywaji, saa yoyote.

Nikafungua picha. Neno lenyewe ni *siue*, yaani "au". Yeye alikuwa amesoma *sine*, yaani "bila". Vijiti viwili, muungo umefifia. Nikavifuata kwa ncha ya penseli: vimeungwa chini. Ni u. Tena neno linalofuata, *potum*, lina m mwishoni, na *sine* haiendi na m hiyo katika Kilatini safi. Kweli, wamonaki wale wakati mwingine walikosea miisho, na mtu aliyechoka angeweza kujiambia ndivyo ilivyo. Lakini mimi sikuwa nimechoka. Niliona kabisa.

Nikakaa. Dirishani watu walikuwa wanapita. Nikawaza jinsi mtu mmoja kati ya wageni atakavyouliza, na jinsi Abbé atakavyokunja uso, na jinsi yale maneno matatu yatakavyonyamaza. Kisha nikaandika chini, kwa mwandiko mzuri kabisa, "Nimesoma. Anaclet."

Haikuchukua dakika moja.

Siku ya wageni ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ukumbi ulijaa. Ngalula alivaa pagne ya bluu akasoma kwa sauti iliyotulia, na watu wakamsikiliza kwa furaha, hata mimi kwa dakika mbili tatu nilisahau nilichofanya. Kisha akafika kwenye kanuni ile.

Sista mmoja mzee, muuguzi wa miaka mingi, akainua mkono. "Samahani, mwanangu. Hao bamonaki balikatalia mugonjwa maji?"

Ngalula akatazama karatasi. Kidole chake kikarudi mwanzo wa mstari. "Njo... njo vile imeandikwa, Sister."

"Basi balikuwa banaua bantu," akasema sista, bila ubaya, kama mtu anayetaja kipimo cha joto la mgonjwa. Ukumbi ukanong'ona. Padri mmoja wa mbele akacheka.

Abbé akainuka polepole, akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na uso. Akaona sahihi. "Anaclet. Ulisoma hii?"

"Nilisoma, Abbé."

"Na hukuona kitu?"

Vijana wangu, mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema niliona. Nikasema, "Macho yangu, Abbé. Siku hizi macho yangu..."

Ngalula akaongea kabla Abbé hajajibu. "Abbé, bamusamehe Papa Anaclet. Macho yake iko na shida tangu mwaka jana. Mi njo nilipashwa kurudilia. Kosa ni yangu." Akawageukia wageni, akawaambia kwa Kifaransa safi kwamba huenda neno limesomwa vibaya, kwamba atarudi kwenye hati, na kwamba anawashukuru kwa swali. Sista akampigia makofi. Wengine wakafuata.

Nilidhani amesema uongo wa kunificha. Nilikosea. Wageni walipoondoka, Abbé akiwa hajamtaja mtu, Ngalula alinivuta pembeni na kutoa kwenye mkoba bahasha ya karatasi.

"Papa Anaclet, usisikie haya juu ya macho. Mi nilijua. Kurasa zako nazirudilia kila juma, sikutaka Abbé ajue. Angalia, nilisahihisha kwa penseli tu, ili uandike mwenyewe."

Zilikuwa kurasa zangu. Karibu kila moja ilikuwa na alama zake ndogo pembeni, nyembamba, za heshima. Hapa nimeruka mstari. Hapa nimeisoma tatu kama mbili. Hapa nimechukua *per* badala ya *prae*, mimi, mwenye daftari! Nilidanganya ukumbi mzima kuhusu macho yangu, kumbe uongo wangu ulikuwa kweli. Niliona kosa lake moja kwa sababu nililitafuta. Ya kwangu sikuyaona hata moja.

Mnadhani nilishukuru? Nilizidi kumwonea wivu. Hata kwa wema alikuwa amenishinda, na bila kujua kwamba tunashindana.

Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nilienda Naviundu, alikokuwa amehamia na mama yake. Mama alikuwa amerudi kutoka hospitali, amepasuliwa salama, amelala chumba cha ndani. Ngalula alinipa kiti uani akaniletea kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi. Sikuugusa.

"Ngalula, ile *siue* niliiona."

Hakuelewa mara moja. "Uliiona wapi, Papa Anaclet?"

"Kwenye karatasi yako. Kabla ya siku ya wageni. Niliiona nikaiacha. Nilitaka uanguke."

Kuku mmoja alipita kati yetu. Ngalula akamfukuza kwa mkono. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo sana.

"Unajua juu ya nini nilisoma *sine*? Ile siku monganga alikatalia mama maji, mbele ya kumupasula. Mama alikuwa analia, 'Ngalula, nipe maji kidogo.' Mi nilikuwa namukatalia. Huku nasoma ile kanuni. Jicho yangu ilisoma kile nilikuwa nafanya." Akainua uso. "Na ulijua mama iko ku lopitali. Ulinipa na pole."

"Ndiyo."

"Basi uende, Papa Anaclet. Leo uende."

Nikaenda. Munkoyo ulibaki kwenye kikombe.

Nilimwambia Abbé pia. Nilimwomba kitubio, nikitegemea anifungie kitu kigumu kutoka kwenye vitabu vyetu, maana adhabu ngumu ingenifariji. Alinisikiliza amefumba macho. "Umetafsiri hizi bitabu miaka yote," akasema. "Balisema wivu inapona na nini?"

"Na kinyume yake, Abbé."

"Unangoja mi nikuambie tena?"

Chumba akakikabidhi kwa Ngalula juma lile lile. Mimi niliandika barua ya kuacha kazi, lakini kabla ya kuipeleka nilifungua droo, nikatoa daftari, nikaliweka mezani kwake. Alikuwepo. Hakunishukuru. Alifungua ukurasa wa kwanza, akapindua, akapindua tena. Alifika mahali akaweka kidole.

"Hii h ya kindoano mbili ni nini? Sijaionaka."

Nilipobaki nimesimama, akaniambia, "Vuta kiti."

Barua yangu sikuipeleka; tulisoma daftari lile kwa miezi, kila Jumanne na Alhamisi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa macho, na ndiye aliyeiingiza kila alama yangu kwenye tarakilishi, ili ninyi muikute kwa kubonyeza. Kitabu kilitoka, jina lake likiwa juu na langu chini yake. Msamaha hakuutamka kamwe. Siku moja tu, tukiwa katikati ya ukurasa, aliacha kuniita Papa Anaclet akaanza kuniita Papa peke yake, kama mtoto anavyomwita baba. Sikuuliza.

Na wivu? Mnataka niseme uliisha. Haukuisha. Umezeeka pamoja nami, unakohoa, lakini bado umo ndani. Abbé amekwisha kufa, mimi nimestaafu, na bado nikisikia mtu anamsifu Ngalula, nahesabu kwanza amemsifu mara ngapi, kisha ndipo nafurahi. Wamonaki hawakuandika siku ngapi mtu afunge ili hali hiyo iondoke. Nimetafuta.

Mwezi uliopita nilipita kumsalimu. Mlango wa darasa ulikuwa umerudishwa nusu, naye alikuwa ndani na ninyi, baadhi yenu, anawasomea hati mpya kutoka kwenye skrini. Nikasimama nje kusikiliza. Anasoma vizuri sana, mjue. Anasoma kuliko nilivyowahi kusoma. Katikati ya mstari akasita. Akarudia neno, akasita tena, na nikamsikia akisema, "Ngojeni, hii alama..."

Niliijua. Kutoka nje, kwa maneno aliyokuwa ameshasoma tu, nilijua ni alama gani na inasema nini. Mkono ukaenda kwenye kitasa, ukasimama. Ndani ninyi mlikuwa mkimtazama.

Sitawadanganya. Nilingoja kidogo. Nikahesabu pumzi tatu, na zilikuwa tamu.

Kisha nikausukuma mlango.